Naitrojeni Haimezi Mtu

Nyumba tuliyokaa Barking, London, ilikuwa na vyumba vitatu, choo kimoja na watu wanne, na kati ya hao wanne mmoja tu alikuwa na kazi isiyoelezeka kanisani. Huyo alikuwa Mwalimu Fortunat Bisimwa. Akina mama walipomuuliza dada yake, Annonciata, kwamba ndugu yako anafanya nini siku hizi, alijibu, "Anapima." Anapima nini? "Hewa." Hapo mazungumzo yalihamia haraka kwenye sombe, yale majani ya muhogo, na mahali pa kuipata ikiwa mbichi.

Mimi nilipanga chumba cha nyuma. Nilitoka Nakuru kuja kusomea diploma ya umeme, nikaifikisha nusu, kisha mimi na diploma tukaachana kwa amani, kila mtu akashika njia yake. Nilikuwa nauza simu Ilford. Lakini ndani ya nyumba ile nusu diploma ilikuwa elimu ya juu, na kwa sababu hiyo Mwalimu alinichagua mimi wa kuelezwa kazi yake. Alinieleza mezani jikoni kwa vifuniko viwili vya sufuria, huku Annonciata na Shekinah, binti yake mdogo, wakingoja vifuniko vyao ili wali uive.

Nieleze nilivyoelewa. Kuna tangi la chuma, kubwa kama pipa la maji, kwenye chumba cha chini ya ardhi cha chuo kimoja katikati ya jiji. Pampu inafyonza hewa yake siku mbili, mpaka tangi linabaki tupu kuliko ahadi ya mwenye nyumba wetu. Ndani yake kuna sahani mbili za shaba zinazotazamana kama wachumba waliokatazwa kugusana. Unaingiza gesi kidogo. Unamulika sahani ya chini kwa taa ambayo mwanga wake hauonekani, na mwanga ule unang'oa elektroni kwenye shaba. Umeme unazisukuma kwenda sahani ya juu. Njiani zinagongana na molekuli za gesi. Elektroni ikigonga kwa nguvu inang'oa elektroni nyingine: imeondoka moja, zimefika mbili. Lakini pengine molekuli inaidaka ile elektroni na kubaki nayo.

"Inaimeza," Mwalimu alisema, akifunika kifuniko kimoja kwa kingine. "Inakuwa nzito, inatambaa. Haitazaa tena."

"Na wewe kazi yako?"

"Kuhesabu wanaozaliwa na wanaomezwa."

Alisogeza sahani mbali, nusu milimita kwa nusu milimita. Kila hatua alisoma mkondo wa umeme na kuweka nukta kwenye karatasi ya grafu. Gesi ikiwa inazalisha tu, nukta zinapanda kwa mstari ulionyooka kama fimbo. Ikiwa inameza, mstari unapinda. Kwenye mpindo huo ndipo namba zilipotoka. Oksijeni inameza. Mvuke wa maji unameza. Hewa chafu tunayoitoa puani nayo inameza, kwa kiasi chake. Wanaozitaka namba hizo ni watengenezaji wa swichi kubwa za umeme, wale wasiotaka cheche iruke bila ruhusa.

"Na naitrojeni?" nilimuuliza, kwa kuwa ndiyo gesi pekee niliyoikumbuka kutoka kwenye ile nusu yangu.

"Naitrojeni haimezi mutu," akasema. "Ndiyo shahidi wangu. Kila Jumatatu najaza naitrojeni kwanza. Musitari ukinyooka, tangi iko safi. Ukipinda, si gesi. Kuna kitu kingine mule ndani."

Alikulia Bukavu na akafundisha fizikia huko miaka tisa, kwenye shule ya sekondari ambayo maabara yake ilikuwa kabati moja lenye kufuli na ufunguo uliopotea. Vita vilipofika mwaka 1996 aliondoka na mdogo wake, Albert. Walipita nchi nyingi, na mwaka uliofuata Fortunat akafika Uingereza. Albert hakufika. Annonciata, dada yao mkubwa, alikuja miaka miwili baadaye kwa njia nyingine, na Shekinah mgongoni. Sebuleni kulikuwa na picha ya Albert, kijana mwembamba aliyevaa koti la kuazima. Annonciata hakuipita bila kuigusa. Mwalimu hakuipita bila kuangalia upande wa pili.

Kazi ya kupima aliipata kwa ufagio. Alikuwa klina wa chuo kile, na chumba cha tangi kilikuwa kwenye zamu yake. Mwenye chumba alikuwa Daktari Mahendra, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, ambaye baba yake aliuza vipuri vya baiskeli kabla ya familia nzima kuhamia Stanmore. Asubuhi moja alifika akakuta mstari wa grafu yake umefutwa na mwingine umechorwa kwa penseli. Akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyegusa karatasi. Fortunat alikuwa na Kiingereza cha kuombea radhi tu. Akajaribu Kifaransa, halafu hofu ikamtoa Kiswahili.

"Ni mimi, bwana. Ule musitari haupite pale."

Mzee akavuta kiti. Nadhani alikuwa hajaambiwa jambo kwa Kiswahili miaka thelathini. "Sema tena."

"Musitari haupite pale. Umeulazimisha."

"Mimi fanya hii kazi miaka ishirini na tisa."

"Ndiyo, bwana. Na nukta ya tano iko chini."

Mahendra akaitazama nukta ya tano. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, chenye vumbi la rafu, lakini kilifika kila kilikotumwa. Akamwekea penseli mkononi. "Basi weka wewe. Weka ile mstari yako, mimi naona."

Ufagio ulipewa mtu mwingine. Kwa miaka minne watu hawa wawili walikaa chini ya ardhi wakigombana kwa Kiswahili juu ya elektroni, na wanafunzi waliopita mlangoni walidhani ni lugha ya fizikia. Mzee alikuwa na sheria moja: namba ambayo hujaiona mara tatu si namba, ni uvumi. Mwalimu aliishika sheria hiyo kuliko zile kumi. Nilimtania kwamba hata chumvi ya mboga aliionja mara tatu. Hakucheka. Sababu sikuijua bado.

Mwishoni mwa mwaka 2002 mzee akaugua ini. Mwalimu alikwenda Stanmore kumwona, na mke wa mzee, Bibi Champa, akamletea chai yenye tangawizi na kumwacha karibu na kitanda. Jedwali lao la namba lilibakisha gesi tatu. Mzee alikuwa na la kusema kuhusu jedwali, si kuhusu ini.

"Fortunat, mimi kesha kufa siwezi rekebisha. Isitoke na namba moja ya uwongo chini ya jina yangu. Sawa?"

"Sawa, Daktari."

"Naitrojeni kwanza."

"Naitrojeni kwanza."

Alikufa kabla ya Krismasi. Mwezi uliofuata chuo kikatangaza kwamba chumba kile kitawekwa kompyuta, na tangi litaondolewa mwisho wa Agosti 2003. Mwalimu alikuwa na miezi minane ya kutimiza neno alilompa mzee.

Akaanza kwa kuzing'arisha sahani. Karakana ya chuo ilikuwa imeshafungwa, kwa hiyo akazileta Barking kwenye begi, zimefungwa kwa taulo kama watoto wachanga. Wiki nzima alizisugua mezani jikoni kwa dawa nyeupe ya kung'arishia, mpaka Shekinah akaanza kujitazamia nywele.

Hapa lazima nimweleze Annonciata na mafuta yake. Katika kanisa lao mafuta ya upako si mchezo. Yeye alipaka kila kitu kilichoingia au kutoka: funguo, pasipoti, kadi ya basi ya Shekinah, barua za uhamiaji kabla hazijafunguliwa. Mlango wa mbele uling'aa kama paji la uso wa bwana harusi. Aliwahi kupaka simu yangu nikakosa mtandao siku mbili. Kwa kawaida alitumia mafuta ya zeituni ya supamaketi, yaliyoombewa na mchungaji.

Jumamosi moja mchana nikaingia jikoni nikamkuta amesimama juu ya sahani na kichupa kingine, kidogo, kilichozibwa kwa kitambaa. Mwalimu alikuwa ametoka kununua betri.

"Mama Shekinah," nikasema, "hizo unaweka na kitunguu?"

"Nyamaza, Mukenya. Kitu hiki kinaingia na ndugu yangu kwenye shimo. Mahali ambapo mwenye kazi amekufa. Hakiwezi kwenda bila ulinzi."

"Mwalimu akikuta doa kwenye kioo chake atalia."

"Ndiyo sababu sipake mbele."

Akaigeuza sahani. Nyuma ilikuwa na matundu matatu ya bolti, membamba, yasiyotokea upande wa pili. Akadondosha tone moja kwa kila tundu, midomo ikitembea. Kichupa kikaisha.

"Tatu kwa matundu matatu," nikamwambia. "Hesabu imekubali, mbingu haina la kusema."

Nilicheka peke yangu. Sikumwambia Mwalimu. Niliiweka hadithi ile kama akiba ya siku ya kumtania, na siku hiyo ikapotea kichwani pamoja na mambo mengine niliyoweka humo.

Mwalimu alizirudisha sahani chuoni, akaziosha kwa asetoni, dawa ya kuyeyusha mafuta, mbele na nyuma, akakaza bolti, akazifunga ndani ya tangi. Kuzifanya zitazamane sawasawa kulimchukua siku mbili, kwa hiyo baada ya hapo hakuzifungua tena kwenye bolti zake. Kila alipofungua tangi alizisafisha zikiwa hapohapo. Ndivyo fundi yeyote mwangalifu angefanya.

Jumatatu ya kwanza ya Februari mstari wa naitrojeni ulipinda.

Akabadilisha silinda ya gesi. Ukapinda. Akabadilisha mipira yote inayoziba mifuniko, akafyonza siku tatu badala ya mbili. Ukapinda. Elektroni ziliondoka sahani ya chini, na nyingine hazikufika kama zilivyopaswa, kwenye gesi isiyommeza mtu. Wakati wa Pasaka alikuwa amekonda. Alikuwa akisimama sebuleni mbele ya ile picha, akiitazama, yeye ambaye miaka yote aliikwepa. Niliona hilo kabla ya kuona kwamba hali chakula.

Jumapili moja Annonciata na mtoto walikuwa kanisani, tukabaki wawili tukikunja nguo. Akaniambia kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Iko mutu mule ndani."

Nikangoja acheke. Yeye hakuwa mtu wa mizaha, lakini nilimpa nafasi.

"Ndani ya tangi?"

"Nikifungua kifuniko, kabla hewa haijaingia vizuri, kuna harufu. Mara moja tu, halafu inapotea. Ni harufu ya Albert."

Akaniambia habari ya lori akiendelea kukunja soksi. Walikuwa watano, nyuma ya masanduku ya nyanya za kopo, mlango umefungwa kwa nje. Mmoja akaanza kuogopa kwamba hewa itawaishia, akataka kugonga ukuta. Wengine wakamgeukia Mwalimu, kwani alikuwa ameshawaambia kazi yake. Naye akapiga hesabu gizani: urefu wa lori mara upana mara kimo, toa masanduku, gawa kwa watu watano, gawa kwa saa. Akasema hewa inatosha. Wakatulia. Hakuna aliyegonga.

"Na ilitosha," akasema. "Hesabu haikuwa na kosa. Tulishuka wane wazima. Lakini Albert alikuwa na kifua tangu utoto. Mama alikuwa anamusugua mafuta kila usiku wa baridi. Mimi sikuweka kifua kwenye hesabu. Nilihesabu watu watano wa kwenye kitabu."

Akapanga soksi mbilimbili. "Alikuwa anavuta hewa kando yangu, nikawa nahesabu mivuto. Nikafikiri, akifika elfu moja tutakuwa tumefika. Sasa kwenye lile tangi natia oksijeni, natia mvuke, natia ile hewa ya puani. Ndiyo ilikuwa mule kwenye lori. Ile ile. Na sasa kuna kitu kinameza."

"Umemwambia Mama Shekinah?"

"Nikimuambia ataleta kwaya nzima na ngoma."

Hilo lilikuwa kweli. Nikamsaidia kupanga soksi.

Tangu hapo nikawa namwona tofauti. Alinieleza kwamba hata taa ikizimwa, sahani zikiwa gizani kabisa, mkondo haufiki sifuri. Mshale wa kipimo unabaki unapumua. Daktari Mahendra alimfundisha kwamba ni miale inayotoka juu angani, inapita dari na chuma bila kubisha hodi, na iko kila mahali. Zamani alikuwa akiandika kiasi chake na kuendelea. Sasa alikaa mbele ya mshale ule taa ikiwa imezimwa, dakika ishirini, nusu saa, akihesabu jinsi unavyopanda na kushuka. Aliniambia unafuata mwendo wa mtu aliyelala.

Agosti ikaja na lile joto ambalo London haijawahi kulisamehe. Barabara ilinata kwenye viatu, reli zikapinda, na wazungu wakalala bustanini kama waliopigwa risasi. Chini ya ardhi mpindo wa naitrojeni ukazidi. Mkuu wa idara, Daktari Allan, mtu mpole aliyevaa kaptura kazini, akateremka kumsaidia.

"Fortunat, toa safu ya naitrojeni kwenye jedwali," akamwambia. "Kile kinachozidi, kipunguze kwenye gesi nyingine. Watu hufanya hivyo. Hakuna atakayeuliza."

Mwalimu alinipa habari hiyo jioni mlangoni, tukiwa tumekaa na miguu ndani ya beseni la maji.

"Si ni msaada?" nikamuuliza.

"Nikipunguza kitu nisichokijua, nitakuwa nasema tena hewa inatosha."

Shekinah akapita, akamwambia kwa Kiingereza kwamba miguu yake inatisha. Mwalimu akajibu kwa Kiswahili kwamba imetembea. Halafu akaniinamia.

"Joto likipanda, anameza zaidi. Juzi, siku ile ya joto kuu, musitari ulilala kabisa. Anasikia joto. Mule kwenye lori kulikuwa joto hivi."

Hapo ile nusu diploma, ambayo haijawahi kunisaidia popote, ikafungua jicho.

"Mwalimu, unaandika joto la chumba kila siku?"

"Kila saa."

"Na kumeza kunapanda nalo? Sawasawa?"

"Sawasawa."

"Basi mimi sijui mizimu ya Bukavu, lakini ya kwetu haifuati kipimajoto. Kitu kinachopanda na joto kikashuka na baridi ni uchafu unaotoa mvuke. Kuna kitu kimejificha mahali usipofuta."

Akatoa miguu kwenye beseni. Aliijua fizikia hiyo kunishinda mara mia. Alikuwa amekataa kuitazama. Nadhani alijua kwamba uchafu ukipatikana, Albert naye angetoka ndani ya tangi lile. "Kifuniko ni kizito," akasema mwishowe. "Kesho una kazi?"

"Simu zinaweza kujiuza."

Kesho yake Jumanne nikateremka chumba kile kwa mara ya kwanza. Kiti cha mzee Mahendra kilikuwa bado kipo, na sweta lake mgongoni mwa kiti, katika joto lile. Kwenye ukuta karatasi za grafu zilibandikwa kwa mfuatano: Februari, Machi, Aprili, mistari ya naitrojeni ikizidi kuinama kama watu wanaotafuta kitu sakafuni. Tukafungua nati kumi na mbili. Mwalimu akaingiza hewa taratibu kwa valvu, tukashika kifuniko kila mtu upande wake, tukainua.

Ikatoka. Mchaichai na ubani, na kitu kizito chini yake, kama shati la mtu aliyelala na homa. Nywele zangu zilisimama, sifichi. Mwalimu alikuwa amefumba macho.

Harufu ikapita. Na mimi nikasikia jiko letu, Jumamosi ya Januari.

"Mwalimu," nikasema, "hii harufu naijua."

Hakufumbua macho.

"Mama Shekinah alipaka sahani zako. Si mbele. Alidondosha kwenye matundu ya bolti, matatu. Kichupa kidogo chenye kitambaa. Nilikuwepo. Nilicheka."

Sikuwahi kutaka mtu anitukane kama nilivyotaka siku ile. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Kichupa cha namna gani?" nikamwonyesha ukubwa kwa vidole. Akaenda kuchukua spana.

Bolti ya kwanza ilitoka ikiwa inang'aa. Akachukua kijiti cha pamba, vile vya masikio, akakizamisha tunduni, akakizungusha. Kilitoka na rangi ya asali. Akakileta puani, akakaa chini pale pale, sakafuni, mgongo kwenye tangi.

"Ni ya Mama," akasema. "Alikuwa anayapika mwenyewe. Yaya Annonciata alikuja nayo kutoka nyumbani. Nilifikiri yaliisha zamani."

Tukakaa. Pampu ilikuwa imezimwa na chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia kitambaa cha shati lake kikipanda na kushuka. Chupa ya asetoni ilikuwa mezani, karibu na kiti cha mzee. Mwalimu aliitazama, akatazama matundu.

"Nikimwaga ile, anaenda."

"Ni mafuta, Mwalimu."

"Najua ni mafuta." Akasema hivyo bila ukali. "Miezi sita nimefungua tangi hili mara kumi na saba. Zingine hazikuwa za lazima."

Nikageuka nikaangalia sweta la mzee, na naona naye aliangalia huko huko, kwa sababu alipumua kwa nguvu akasimama. Alichukua kichupa cha kioo cha sampuli chenye kizibo cha kukaza. Akakausha matundu yote matatu kwa pamba, taratibu, akitumia vijiti vitatu, akavitia ndani ya kichupa na kukaza. Kisha akamwaga asetoni. Aliosha kila tundu mara tatu. Nilihesabu.

Jioni ile tulikula ugali na sombe. Mwalimu akangoja mpaka Shekinah ameondoka na sahani yake kwenda mbele ya televisheni.

"Yaya, ulipaka sahani zangu?"

"Nilipaka."

"Na mafuta ya Mama."

Annonciata akaweka kijiko chini. "Yalibaki matone matatu. Ningeyaweka wapi? Nikuwekee wewe mukononi uoge?"

Alitaka kugomba zaidi, akauona uso wa ndugu yake. Naye Mwalimu akamweleza habari ya lori, yote, urefu mara upana mara kimo. Miaka sita alikuwa amemwambia tu kwamba kifua cha Albert kilizidiwa njiani. Annonciata alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilitaka kuondoka lakini kiti changu kilikuwa upande wa ukuta.

"Kwa hiyo ulisahau kifua," akasema.

"Nilisahau."

"Mimi pia ningesahau. Sisi wote tulikuwa tunalala usiku wa baridi, Fortu. Ni Mama peke yake aliyekuwa anaamka." Akamsogezea bakuli la mboga. "Kula."

Siku mbili za kuzipanga sahani upya, siku mbili na nusu za pampu. Jumatatu ya tarehe kumi na nane akajaza naitrojeni. Mstari ukanyooka. Akaipima mara tatu, kisha akamalizia gesi zilizobaki, kila moja mara tatu. Ijumaa ya mwisho ya mwezi mafundi wa kuondoa tangi walimkuta bado anaandika, wakakaa juu ya toroli yao wakingoja, na yeye hakuharakisha. Jedwali lilichapishwa mwaka uliofuata, jina la Mahendra kwanza na la Bisimwa chini yake. Bibi Champa alilitia kwenye fremu, ukurasa wa namba tupu, likatundikwa Stanmore kati ya miungu na wajukuu.

Mwalimu akarudi darasani. Anafundisha watu wazima hesabu jioni, Barking hapa hapa, na wanamwogopa kwa sababu hakubali jibu la kwanza. Picha ya Albert anaipita akiitazama sasa. Hajawa mwepesi; usiku wa baridi namsikia akitembea hadi chumba cha Shekinah, akisimama mlangoni muda wa mivuto kadhaa, akirudi kulala. Mtoto hana tatizo lolote la kifua. Amefika miaka kumi na mbili na anacheza mpira.

Kile kichupa cha kioo kiko kwenye rafu chini ya picha. Hakijafunguliwa. Majuzi nilikuwa nafuta vumbi, kazi niliyopewa kwa adhabu, nikakishika kwenye mwanga. Vijiti vitatu, pamba za manjano.

"Mwalimu," nikamwuliza, "harufu humu itakaa miaka mingapi?"

Aliweka kalamu chini. Anajua uzito wa mvuke, ukubwa wa kichupa, joto la sebule mwaka mzima. Namba hiyo angeipata kabla sijashusha mkono. Nilimwona ameianza, macho yakapanda darini. Kisha akayarudisha.

"Hii siihesabu," akasema. Akakichukua mkononi mwangu, akakijaribu kizibo kwa kidole gumba kama kimekaza, akakirudisha mahali pake.